Beringi za kamshafti kwa injini ya nguvu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali naulizwa kila mara na watu wanaojenga injini za nguvu, hasa zile za kamshafti (mhimili wenye nundu unaofungua valvu) ndani ya bloki na pushirodi (vijiti vinavyopeleka msukumo wake juu), ndo maana nimeyaweka pamoja. Kitu kimoja ukishike toka mwanzo: beringi ya kamshafti unaichagua kwa mzigo wa springi, kwa chuma cha kamshafti yako na kwa hali ya bloki yako, idadi ya nguvu farasi unayoitafuta haikuambii chochote hapa. Na ukishachagua, vipimo vyako ndo vitasema kama ulichagua sawa.

Kamshafti inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa nini nijisumbue na beringi zake?

Kweli inazunguka nusu, krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) ikiwa mizunguko 7000 kwa dakika kamshafti iko 3500. Lakini mzigo wake haupumziki, kila wakati kuna valvu inafunguliwa mahali na springi inaikandamiza kamshafti chini, na hizi beringi zenyewe ni nyembamba. Halafu kuna ishu ya oili ambayo watu wengi hawaifikirii kabisa. Kwenye ile V8 ndogo ya Chevrolet iliyoanza 1955, oili inatoka kwenye njia kuu, inazunguka kwenye mfereji uliopo nyuma ya beringi ya kamshafti, ndipo inashuka kwenda metali za krenki, yaani beringi zake. Yaani beringi ya kamshafti ikikaa vibaya, krenki nayo inaweza kukosa oili, na wewe utakuja kulaumu pampu.

Injini yangu ina kamshafti juu ya kichwa, hii inanihusu?

Kidogo tu. Injini nyingi za hivyo kamshafti inazungukia moja kwa moja kwenye alumini ya kichwa, hakuna beringi ya kubadilisha, kikilika unachonga au unabadilisha kichwa. Kuna zenye vipande viwili kama metali za krenki. Ninachokiongelea hapa ni zile za duara zima zinazopigwa ndani ya bloki, ambazo mafundi wengi wanaziita bushi za kamshafti, ni kitu hichohicho.

Babiti au alumini?

Hili ndo swali lenyewe, tukae nalo kidogo.

Babiti ni ile metali laini ya kijivu iliyopakwa juu ya ganda la chuma, jina limetoka kwa Isaac Babbitt wa Marekani aliyeitengeneza mwaka 1839, na mpaka leo iko kwenye injini kibao. Uzuri wake ni ulaini. Chembe ya uchafu ikipita inazama ndani ya babiti badala ya kuchana jonali, yaani ile shingo ya duara ya kamshafti inayokaa ndani ya beringi. Tundu likiwa limepinda kidogo sana babiti inajilaza yenyewe na kazi inaendelea. Oili ikichelewa sekunde chache asubuhi inavumilia. Ubaya wake ni huohuo ulaini, ukiipiga na springi nzito muda mrefu inachoka, inaanza kupasuka nyufa ndogondogo kama tope lililokauka, halafu vipande vinabanduka.

Alumini inabeba mzigo mkubwa zaidi na haichoki haraka, ndo maana injini nyingi za kisasa zinatoka nayo kiwandani. Ila haina huruma kwa uchafu wala kwa tundu lisilonyooka, na ukikosea nafasi ikabana haitajilaza, itashika jonali.

Msimamo wangu ni huu. Injini ya barabarani yenye tapeti (kile kinachopanda juu ya nundu ya kamshafti) bapa au za rola za haidroliki na springi za kawaida, bloki ya zamani ambayo haijachongwa upya matundu ya kamshafti, weka babiti nzuri wala usione aibu. Injini yenye springi nzito, bloki iliyopimwa ikaonekana imenyooka na usafi wa uhakika, weka alumini. Kuweka alumini kwenye bloki iliyopinda kwa sababu tu umesikia ndo ya mbio, hapo unajitafutia matatizo.

Nitajuaje springi zangu ni nzito?

Usisome namba ya springi peke yake, kamshafti haioni springi, inaona springi mara uwiano wa roka, yaani ule mkono unaopokea msukumo wa pushirodi na kuikandamiza valvu. Chukua springi inayosukuma kilo 180 valvu ikiwa wazi kabisa. Kwenye injini za GM za familia ya LS roka ni 1.7, kwa hiyo nundu ya kamshafti inabeba kilo 306, na hapo hatujaongeza purukushani ya mwendo. Springi hiyohiyo kwenye V8 ndogo ya Chevrolet ya zamani yenye roka 1.5 inakuwa kilo 270. Na ongeza ukweli kwamba wakati mmoja kuna valvu zaidi ya moja zilizofunguka na mzigo wao unaishia kwenye beringi mbili tatu zilizo karibu.

Injini za mbio zenye tapeti za rola ngumu (zisizo za haidroliki) springi zinafika kilo 300 na kuzidi hata kabla hujazidisha na roka. Kwa mzigo huo babiti ya kawaida siiweki, iwe injini inatembea kila siku au mara moja kwa mwezi.

Ukiwa umeagiza kamshafti mpya kadi yake itakuambia springi inayotakiwa, anza na hiyo kadi kabla hujanunua beringi. Watu wengi wananunua beringi kwanza, springi wanakuja kuziongeza mwishoni baada ya kuona valvu zinaelea (springi haziwahi kuzifunga) kwenye mwendo wa juu, na beringi zinabaki zilezile za mpango wa kwanza.

Zile zilizopakwa rangi nyeusi zina faida?

Ndio, ipo. Ule mpako ni wa plastiki maalum uliochanganywa na vitu vinavyoteleza kama molibdenamu au grafaiti, unasaidia pale injini inapowaka na oili haijafika. Lakini haubadilishi uwezo wa metali iliyo chini yake. Babiti iliyopakwa bado ni babiti. Na ukishaipaka huwezi kuikwangua ukitaka kulegeza mahali, utaondoa kilekile ulicholipia.

Beringi za rola je? Naambiwa ndo mwisho wa mambo.

Za kamshafti ni rola nyembamba zinazoitwa sindano, zinapunguza msuguano, zinataka oili kidogo sana, kwa hiyo oili iliyokuwa inavujia kwenye kamshafti inabaki kwa ajili ya krenki. Kwa injini ya mbio yenye springi za kutisha zina maana. Lakini zina masharti: tundu la bloki lazima liwe kubwa, ina maana bloki ya mbio au kuchonga, na jonali za kamshafti lazima ziwe za chuma kilichokolezwa ugumu kwa sababu sindano zinatembea juu yake moja kwa moja. Kamshafti ya chuma cha kumimina sahau, sindano zitaitafuna. Na ikivunjika hata moja, sindano zinatawanyika injini nzima.

Kwa gari la barabarani mimi sishauri. Hiyo hela peleka kwenye kuchonga matundu yanyooke.

Nafasi kati ya jonali na beringi iwe ngapi?

Kwa injini za nguvu wengi tunakaa kati ya 0.05 mm na 0.10 mm. Babiti naipeleka upande wa chini wa hapo, alumini naiachia kidogo zaidi kwa sababu haisamehe.

Hapa usichukulie poa. Oili inayovuja pembeni ya beringi haipandi sawasawa na nafasi, inapanda kwa mchemraba, maana yake ukitoka 0.05 kwenda 0.10 umeongeza nafasi mara mbili lakini uvujaji unakaribia mara nane. Beringi zipo tano kwenye V8 nyingi, zidisha mwenyewe. Ndo maana injini iliyojengwa vizuri chini kote inakuja kuwa na presha ndogo ikishapata moto na watu wanahangaika na pampu kubwa.

Namna ya kupima: pima jonali kwa maikromita, piga beringi ndani ya bloki, halafu pima ndani ya beringi kwa geji ya saa. Lazima iwe imeshapigwa! Beringi ikiwa mkononi ina kipenyo kingine, ikiingia kwenye tundu inabanwa na kipenyo cha ndani kinapungua. Namba ulizochukua juu ya meza hazina kazi. Na pima sehemu mbili tatu kwa kila moja, mbele na nyuma, maana ikiingia kwa kuinama utaona tofauti hapo.

Nimepiga beringi mpya, kamshafti inaingia mpaka katikati halafu inagoma. Nifanyeje?

Kwanza usiipige nyundo, hata ya mpira.

Nilipata hii kwenye bloki moja ya chuma niliyokuwa naijenga, babiti mpya, kamshafti inapita tatu za kwanza vizuri tu, kufika ya nne inakaza mpaka unaitumia nguvu ya mkono mzima. Nikaitoa, nikafuta beringi kwa kitambaa kikavu, nikapaka jonali wino wa maka mweusi, nikairudisha na kuizungusha nusu mzunguko. Kuitoa tena naona doa dogo linalong'aa, upana wa ukucha, chini upande wa kushoto karibu na ukingo. Sehemu nyingine yote ilikuwa haijaguswa. Pale beringi ilikuwa imeingia na kijimwinuko. Nikachukua kisu cha kukwangulia metali, nikapitisha mara mbili kwa upole sana, nikaosha, nikarudisha, doa likawa dogo, nikarudia. Raundi ya tatu kamshafti ikazunguka kwa vidole viwili tu vikiwa kwenye gia ya mbele. Hivyo ndo inatakiwa iwe: vidole viwili, bila kusikia mahali inakwama na kuachia.

Hii ni kwa babiti tu. Alumini ikikaza usiikwangue, tafuta sababu, aidha tundu limepinda, au beringi imeingia kwa kuinama, au umeweka namba isiyo yake, au kamshafti yenyewe imepinda. Hiyo ya mwisho unaijua kwa kuilaza kwenye vishikio viwili vya umbo la V na kuweka geji ya saa katikati.

Na ukikwangua mahali pamoja sana, jua unatibu dalili. Zikikaza tatu kati ya tano, peleka bloki ikachongwe.

Shimo la oili likae wapi?

Inategemea bloki yako ina mfereji nyuma ya beringi au haina.

Kama haina mfereji, hakuna cha kuchagua, shimo la beringi lazima likutane na shimo la bloki. Ukishapiga, ingiza waya au kijiti cha kuchomea ukione kinapita chote bila kugonga ukingo.

Kama ina mfereji, kama zile V8 ndogo za Chevrolet, oili inazunguka yenyewe kwa hiyo shimo unaweza kuliweka popote, na hapo ndo watu wanapoharibu. Mzigo wa springi unaisukuma kamshafti chini. Ukiweka shimo chini kabisa, umelitoboa palepale ambapo utando wa oili unatakiwa kubeba mzigo. Ukiiangalia injini kwa mbele na kamshafti ikizunguka kama mshale wa saa, weka shimo pale ilipoandikwa namba 2 kwenye uso wa saa. Nasema namba 2 iliyoandikwa, sio saa mbili tunayoitamka, maana saa mbili yetu mshale uko kwenye 8, na huko ndo hutaki kabisa. Kutoka kwenye 2, oili inaingia pasipo na mzigo, kamshafti inaivuta kushuka nayo mpaka chini inapohitajika.

Kama unatumia gia mbili zinazoumana moja kwa moja badala ya cheni, kamshafti inazunguka kinyume, kwa hiyo shimo linahamia namba 10.

Kuna bloki zenye utaratibu wa pekee?

Zipo. Mfano maarufu ni ile V8 kubwa ya Chevrolet, 396 na 427 za mwaka 1965 na 1966, jonali ya nyuma ya kamshafti inatakiwa kuwa na mfereji wake na beringi ya nyuma inatakiwa iwe ya aina yake, maana oili ya huko juu inapitia hapo. Kuanzia 1967 mfereji ukahamia kwenye bloki. Mtu akichukua kamshafti ya kisasa isiyo na mfereji akaitia kwenye bloki ya 1966, roka na tapeti zinakosa oili, na kwa macho kila kitu kimekaa sawa kabisa. Kwa hiyo soma namba ya kumimina iliyo kwenye bloki kabla hujaagiza, mwaka wa gari hautoshi kwa sababu bloki zinahamishwahamishwa.

Beringi zote tano zinafanana?

Kwa macho ndio, kwa kipimo hapana. V8 ndogo ya Chevrolet jonali zote tano zina kipenyo kimoja, karibu 47.4 mm, lakini matundu ya bloki yanatofautiana: ya kwanza ni kubwa kuliko zote, ya pili na ya tano zinafanana, ya tatu na ya nne zinafanana. Ford 302 na 351 Windsor ndo jonali zenyewe zinashuka, ya mbele kama 52.9 mm mpaka ya nyuma kama 51.3 mm. Kila beringi ina namba mgongoni. Zipange mezani kwa mpangilio wa mbele kwenda nyuma kabla hujashika nyundo, na uandike kwa maka.

Bloki ya alumini inabadilisha nini?

Inabadilisha namna inavyobana. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma ikipata moto. Tundu la 58 mm likipanda nyuzi 80 linatanuka kama 0.05 mm zaidi ya ganda la chuma la beringi. Yaani kule kubana ulikokuona baridi kunapungua kiasi hicho injini ikiwa moto, na kama mwanzo ilikuwa inabana kidogo, beringi inaanza kutembea, shimo linapotea, oili inakatika. Pima tundu na pima mgongo wa beringi, usikubali beringi inayoingia kirahisi. Kama tundu limelika au limechongwa zipo beringi zenye mgongo mkubwa zaidi kwa ajili hiyo, na ni bora mara mia kuliko kupaka gundi.

Naweza kuzipiga mwenyewe?

Unaweza kama una mandreli (kifaa cha duara cha kupigia beringi) yenye saizi sahihi na koni ya kuiongoza ikae katikati. Bomba la maji na nyundo hapana, nakusihi. Kabla ya kupiga, pitisha msasa laini kwenye ukingo wa kila tundu. Ukingo mkali unamenya mgongo wa beringi kama unavyomenya muwa, kubana kunapungua na lile ganda lililomenywa linabaki ndani ya njia ya oili. Mimi nimewahi kuvuta uzi wa chuma wa urefu wa kidole kutoka kwenye njia ya oili ya bloki iliyoletwa ikiwa tayari imefungwa beringi, ungeishia kwenye metali ya krenki siku ya kwanza.

Plagi ya nyuma inayoziba tundu la kamshafti nayo usiizamishe sana, ikienda ndani mno inagusa kamshafti.

Za zamani zinaonekana safi, naweza kuziacha?

Kama unaosha bloki kwenye tangi la dawa kali ya moto, hapana, zitolewe kabla, ile dawa inaziharibu na alumini inaliwa kabisa. Na kama zimebaki, uchafu wa miaka umejificha kwenye mfereji nyuma yake. Kwa injini ya nguvu badilisha tu, hakuna mjadala.

Jonali kubwa zaidi zina faida?

Kwa mbio ndio. Bloki za mbio zinachongwa kwa 50, 55 hata 60 mm, kamshafti nene haijipindi kirahisi chini ya springi nzito, na mchongaji anapata nafasi ya kuinua nundu bila kulifanya duara la msingi (upande wa nundu usioinuka) liwe jembamba. Injini za LS zinatoka kiwandani na 55 mm tayari. Kama bloki yako ni ya kawaida na gari ni la barabarani, baki na saizi yake.

Nitajuaje zimeanza kufa?

Presha ya oili inashuka injini ikiwa moto na haijakanyagwa mafuta, lakini ukikanyaga inapanda vizuri. Fungua filta ya oili, kata karatasi yake, ikamue na uitandaze juani. Babiti inaonekana kama vumbi la fedha lisiloshikwa na sumaku. Ukiona vipande vyenye umbo la ganda la yai, simamisha injini siku hiyohiyo.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza?

Paka oili nzito ya kufungia kwenye kila jonali na kila beringi. Kama pampu yako inaendeshwa na shafti ya distributa, toa distributa, izungushe pampu kwa drili mpaka uone presha, halafu uendelee huku mwenzako anazungusha krenki taratibu kwa spana mizunguko miwili kamili, ili kamshafti imalize mzunguko wake mmoja na mashimo yote yapate zamu. Usiache drili mpaka uone oili inatoka kwenye roka zote za pande zote mbili, ikibaki roka hata moja kavu usiwashe, fuatilia hiyo njia kwanza.